Pete ya Kijivu

Joka lilipoanguka lilitema pete moja tu, ya kijivu, isiyo na jina.

Raimo aliiokota, kisha akakaa akiitazama kwenye skrini. Katika mchezo ule vitu vya maana hutoka hivyo, rangi ya kijivu na alama ya kuuliza. Hujui kama umepata johari au takataka mpaka kitu kitambuliwe. Na sheria ya nyumba ilikuwa moja tangu Riikka alipokuwa na miaka kumi na mmoja: baba anaua, binti anatambua.

"Mkono wako una nuksi, baba," alikuwa akimwambia. "Ukitambua wewe tunapata kofia ya mkulima."

Sasa Raimo alikuwa mpeleka barua mstaafu, goti moja bovu, na ilikuwa imepita miaka sita tangu Riikka ahamie Trondheim, Norway, kikazi. Lakini kila Jumatano saa saba mchana Raimo aliwasha kompyuta, na kando ya kisima cha mjini, ndani ya mchezo, jina la Riikka lilikuwa limeshawaka.

Mkewe, Helka, hakuupenda mchezo. Jumatano alipanda juu, kwenye chumba cha zamani cha Riikka, akafunga mlango, akafuma soksi. Miaka mitatu anafuma, na Raimo hajaona hata soksi moja ikishuka ngazi.

"Haya, nenda kwa majoka yako, mzee wangu," alimwambia leo, kikapu cha sufu mkononi. "Ila huo uji uuangalie. Krismasi hii sitaki kula makaa."

Ulikuwa uji wa mchele na maziwa, wa mkesha wa Krismasi, na ndani yake lozi moja. Anayeikuta bakulini mwake ana bahati mwaka mzima. Zamani Riikka ndiye aliyeikuta kila mwaka, na aliyepakua alikuwa Raimo.

Kisimani mchawi wa Riikka alikuwa amesimama na joho lake la buluu. Raimo akaiweka pete chini, kati yao.

"Ona nilichokuletea, mwanangu!" aliandika. "Joka zima limelala!"

Maandishi yakaja polepole: "Hongera, Baba. Umejitahidi."

Zamani Riikka aliandika mbio mbio, maneno nusu nusu, na matusi ya kumwaga. Siku hizi kila sentensi ilikuja na nukta yake. Raimo hakuwahi kulitaja hilo.

"Itambue basi! Mimi nimezeeka, sina muda wa kusubiri."

"Baba, uji unaungua."

Raimo akanusa, akaruka kitini, akachechemea mpaka jikoni. Chini ya sufuria palikuwa pamegandia, juu pamepona. Alirudi akicheka peke yake. Hajawahi kupika uji bila kuuunguza, na hakuna wa nyumba hii asiyejua.

"Uji umepona," aliandika. "Haya, pete."

Theluji ilianguka nje ya dirisha, na nyingine ikaanguka kwenye skrini.

"Leo itambue wewe. Karatasi ya utambuzi unayo mfukoni tangu zamani."

"Sheria ni sheria, binti."

"Nimechoka, Baba. Sitaweza kuja tena Jumatano. Hii iwe ya mwisho."

Miaka mitatu alijua siku hii ingefika, na kila wiki alishukuru kwamba bado. Jumatano ndiyo iliyomtoa kitandani siku nyingine sita. Aliandika "Usiende", akafuta. Akaandika tena, na safari hii akatuma.

"Usiende. Nikikosa hii nitabaki na nini?"

Jibu lilichelewa mpaka akadhani mtandao umekatika.

"Mama yupo. Siku nyingi hujamtazama."

Raimo aliisoma mara mbili. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, mzee mzima. Akaiokota pete, akaikodolea macho. Ikiwa ya kijivu ingeweza bado kuwa chochote, na ndiyo sababu hakutaka kuigusa. Akatoa karatasi, akabonyeza.

Pete ya shaba. Nguvu: moja. Sokoni hata bure hawaichukui.

"nuksi," yakaja maandishi, haraka, bila nukta.

Raimo akacheka, machozi yakamdondokea mikononi. Kisha akaandika neno ambalo miaka yote hiyo hakuwahi kuliandika, herufi moja moja, kwa kidole kimoja.

"Kwaheri, mwanangu."

Mchawi wa buluu akapunga mkono. Jina likazimika.

Raimo akazima kompyuta na kwenda jikoni. Huko juu kiti kilikwaruza sakafu. Alipakua mabakuli mawili, akaitafuta lozi kwa ncha ya kijiko, akaifukia katika bakuli la kushoto.

Helka akashuka, macho mekundu, kikapu mkononi, sufu yake ikiwa imeviringwa vilevile kama ilivyotoka dukani. Akakaa kushoto, mahali pake. Kwenye kijiko cha tatu akaacha kutafuna, akaitoa lozi mdomoni, akaiweka kiganjani.

"Raimo," alisema. "Umejua tangu lini kwamba ni mimi?"

"Tangu Jumatano ya kwanza. Asante kwa zote, mke wangu."

Helka akainua sufu, akatoa mshumaa chini kabisa kikapuni, wakavaa makoti na kwenda makaburini kumwashia Riikka juu ya kaburi lake.