Chagua Popote, Mama

"Machimbo ya kokoto," mjane alisema. "Yapewe jina la mume wangu."

"Sawa, mama," meya akajibu haraka. "Yapewe."

Mjane akamkazia macho, kisha akabetua mdomo. "La, nimeghairi. Vumbi. Bwawa la mji je?"

"Sawa kabisa!"

"Hapana. Mbu wengi mno."

Ukumbi ukaangua kicheko. Waandishi wa habari walikuwa wamejaa tele, na uchaguzi ulikuwa mlangoni; meya alikuwa ameahidi kutundika kibao chenye jina la marehemu mahali atakapochagua mkewe. Barabara kuu na uwanja wa mpira mjane alivikataa tangu mwanzo. Wengi walidhani mjane huyu, fundi cherehani, anamkomoa meya tu, na kama ni hivyo, alikuwa na sababu. Mumewe aliwapigania wanyonge wapate haki zao. Asubuhi moja alikamatwa nyumbani kwake, povu la sabuni bado kidevuni, akapelekwa kituo cha polisi. Hakurudi. Hata kaburi hana. Na mkuu wa kituo siku zile alikuwa nani? Huyuhuyu meya, anayemwita leo "shujaa wetu" bila haya usoni!

"Shemeji, usituchoshe," meya akasema.

"Shemeji yako nani?"

"Basi, mama. Chagua popote. Nasema mbele ya watu wote hawa: popote."

"Hata kituo cha zamani cha polisi?"

Meya akazitupia jicho kamera. "Hata hapo. Jengo zima, ukitaka."

"Jengo la nini? Nataka uani tu. Pale kwenye maua, nyuma ya tangi la maji."

Tabasamu la meya likafutika. "Pale hapana."

"Si umesema popote?"

"Pale pabaya, mama! Chukua jengo, chukua barabara, chukua hata ofisi yangu. Pale udongo mbovu, hapafai kuchimbwa."

"Mimi nimeomba kibao chenye jina, kipigiliwe misumari ukutani," mjane akasema taratibu. "Nani kataja kuchimba?"

Meya akatoa leso, akajifuta shingo. Kamera zote zilikuwa zimemgeukia, na mjane naye hakubandua macho usoni pake. Miaka yote hiyo alikuwa akimchukia mtu huyu kila akiamka na kila akilala, na leo alimtazama akitota jasho, akaona raha.

Kisha akamgeukia binti yake, wakili, aliyeketi kando yake.

"Baba yako tumempata, mwanangu. Waambie walete majembe."