Mahubiri ya Bibi Kobe

Palikuwa na Bibi Kobe, wajukuu zangu, mhubiri wa wanyama, na neno lake lilikuwa moja: "Zaeni. Kila mtoto huja na riziki yake."

Basi Sungura akazaa, akanyonyesha, akazaa tena, mpaka maziwa yakakatika. Akaenda ibadani na kichanga mgongoni.

"Bibi, naomba nipumzike kuzaa."

"Mwanangu, unataka kumfunga Mungu mikono?"

"Hapana, bibi. Wako wewe uliwalisha nini?"

Kobe akacheka. "Wangu? Mimi hutaga, hufukia mchangani, naenda zangu. Hata sura zao sizijui."

Waumini wote wakaitikia amina.

Kesho yake Sungura alimzika kichanga, na Kobe ndiye aliyeongoza sala. Alipomaliza akampapasa mama tumbo. "Usilie, mwanangu. Utapewa mwingine."