Kanga ya Mwanahawa

Itangazwe mji mzima: farasi Simsim, aliyemng'ata hata mkuu wa mji, ametubu! Lakini toba yenyewe ilikuwa kwa Mwanahawa, mfunzaji wake, peke yake. Mwenye farasi, Bwana Mahfudhi, bado alikuwa na kidonda cha meno yake begani.

Mwanahawa hakuwahi kushika fimbo. Kila asubuhi aliketi zizini na kipande cha muwa kiganjani, akingoja Simsim aje mwenyewe. Akiondoka, aliacha kanga yake ukutani ili farasi azidi kuizoea harufu yake.

Leo alipojitanda kanga ile, Simsim alirudi nyuma akitetemeka. Mgongoni alikuwa na alama mbichi za fimbo.

"Nani kampiga?" alimuuliza Bwana Mahfudhi, aliyesimama mlangoni.

"Mimi nitajuaje, bibie? Huenda amejikuna."

Mwanahawa aliinusa kanga. "Na tumbaku hii, kavuta yeye?"

Bwana Mahfudhi alitazama viatu vyake. "Basi, niliivaa. Na muwa nikashika. Alikuja mwenyewe, bibie, mpole vilevile ulivyomfundisha. Ndipo nikamfunga."

Mwanahawa aliivua kanga, akaiweka chini, akanyoosha kiganja chenye muwa. Simsim hakuutazama muwa. Aliendelea kuitazama kanga.