Namba za Chupa

Tangu redio iseme vumbi la plastiki limekutwa hata kwenye maziwa ya mama, mzazi yule kijana aligoma kunyonyesha.

"Redio haijawahi kuzaa," mama mkwe alimtania, akitikisa maziwa ya unga na maji ya moto kwenye chupa ya plastiki. "Mtoto analia, mwanangu, na kifua kimekujaa!"

Mzazi aliipokea chupa. Kidole kikapapasa ubavuni, penye namba za vipimo. Zilikuwa zimefutika, na plastiki imechubuka kwa brashi.

"Mama, hizi namba zimekwenda wapi?"

"Si zimeisha tu kwa kuoshwa..." Macho ya mama mkwe yakashukia tumbo la mjukuu wake.

Mtoto akalia tena. Blauzi ikalowa maziwa. Mzazi akafungua kifungo cha kwanza.