Mkono wa Mukamurenzi

"Ondosha ile ukurasa, ao urudishe kamera ya parokia," Papa Nzabandora alisema, bila kumsalimu mtu.

Adelaïde hakuketi mbele ya baraza la wazee, kwa kuwa hakupewa kiti. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Bihambwe kufundishwa kupiga sinema, naye alikuwa akiandika kwamba historia ya sinema haitakamilika mpaka wanawake waulizwe walichokiona. Alikuwa amewauliza kuhusu filamu ya padri wa zamani, iliyoonyeshwa mara moja tu, mwaka 1959, kwenye shuka lililotundikwa katikati ya kanisa, kabla padri hajaondoka nayo kwenda Ulaya.

Katika filamu hiyo Mukamurenzi alimpa mumewe, Nzabandora, kibuyu cha pombe karamuni, mbele ya wageni. Wanaume wote waliapa kwamba alikitoa kwa mkono wa kushoto, kama anayemtupia mbwa mfupa. Nzabandora alimfukuza juma lilelile, akabaki na watoto wao. Wanawake walimwambia Adelaïde kwamba ulikuwa mkono wa kuume, naye akaandika hivyo.

"Siku ya karamu sikuangalia mukono," Nzabandora alisema. "Sinema njo ilinionyesha zarau yake."

Mukamurenzi alisimama karibu na mlango, macho chini.

Papa Grégoire, mkuu wa baraza, aligonga meza. "Sheria ya shuka ni moja. Mwenye kukaa upande wa mashini ya kuonyesha sinema anaona sawa. Mwenye kukaa ngambo ya shuka, kuume inageuka kushoto."

"Basi wamama walikuwa nyuma," Papa Evode alidakia. "Walikaa chini, kwa mulango. Sisi tulikuwa mbele, ku viti, karibu na altare. Dada Adelaïde, historia yako inaandikwa nyuma ya shuka?"

Baraza likacheka.

"Aandike ya sufuria," Nzabandora aliongeza. "Ile anaiona sawa."

Adelaïde aliwangoja wanyamaze. "Papa Nzabandora, mwangaza ya mashini ilikupiga mugongo?"

"Mugongo gani? Ilitupiga macho. Ilipita mu shuka, ikatusumbua mpaka mwisho. Waliweka mashini kule kwa wamama, sababu motere ya umeme ilikuwa inje ya mulango."

Evode alikuwa bado anacheka. Papa Grégoire alimgeukia Nzabandora.

"Nenda," alimwambia, "ulete watoto wa huyu mama."