Kilo za Salha

Siku hizi unene huhamishwa kliniki kwa dakika ishirini, mradi anayeupokea awe wa damu moja na anayeutoa. Salha alipoposwa, alimwomba dada yake Mwanakombo amchukulie kilo kumi na tisa hadi harusi ipite.

"Wiki tatu tu, dada."

Mwanakombo akakubali. Salha akaolewa, akahamia Maskati na mumewe, na kila alipopigiwa simu alisema yuko njiani kuja.

Miaka minne ikapita. Mwanakombo aliishi peke yake Pangani. Mwanzoni aliona haya hata kwenda dukani. Baadaye, akiketi mchana nyumba ikiwa kimya, aliweka mikono juu ya tumbo lile laini na kujisikia ana mtu wa kukaa naye.

Sikukuu ya Idi Salha akaja, bado mwembamba kuliko zamani, ananukia udi. Hata chai hakuigusa, akatoa fomu ya kliniki.

"Nimejifungua binti, dada, nimeongezeka kumi. Wewe tayari mnene, hutaona tofauti."

"Nitaiona," alisema Mwanakombo. "Mwili huu nimeupenda kwa taabu, Salha. Ulizoniachia sikudai tena, ni zangu. Hizo kumi baki nazo."

Salha akaikunja fomu polepole.

"Sawa. Nitamngoja binti yangu akue. Naye ni damu yangu."

Akaondoka. Mwanakombo alisimama mlangoni muda mrefu, akitaka kumwombea yule mtoto, ndipo akatambua kwamba hajaambiwa hata jina lake.