Chini ya Daraja la Gitaa

Kisu cha moto kilipopenya gundi, daraja la gitaa kuukuu liliachia. Fundi alikigeuza kile kibao cha kushikilia nyuzi, akakisogeza kwenye mwanga.

Kilikuwa cha rozwudi, mbao nyekundu iliyokolea, upande mmoja mpana kuliko mwingine. Kwa chini kulikuwa na tundu la msumari lililozibwa kwa kijiti cha kiberiti. Kijiti hicho alikichomeka yeye mwenyewe, siku kaka yake alipokata mguu wa kitanda cha mama yao ili achonge daraja jipya la gitaa lake, kwa mbao inayofanana na ya lile lililovunjika. Kaka aliondoka na gitaa hilo kwenda kupiga harusini. Hakurudi, wala maiti yake haikuonekana.

"Dada fundi, bado tu?" aliuliza mteja, aliyekuwa ameketi karibu na mlango.

"Gundi imeshika kweli," alisema fundi. "Gitaa zuri hili. Umelipata wapi?"

"La babu yangu. Limezeekea nyumbani kwetu."

Angeweza kufyata ulimi, akigundishe kibao, amuage salama. Lakini damu ni nzito kuliko maji.

"Na daraja," akauliza, "alilichonga babu yako pia?"

Mteja alitia simu yake mfukoni, akakitazama kibao, kisha akautazama uso wa fundi polepole, kama mtu anayelinganisha sura hiyo na nyingine aliyowahi kuiona. Halafu, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma na kuusukuma mlango ukafungika.